Miguu ya mfalme Asa: mgonjwa wa jongo na dawa zake



Katika 2 Nyakati 16:12 tunasoma juu ya mfalme Asa, aliyeugua miguu katika mwaka wa 39 wa utawala wake, akawategemea waganga na kumwacha Mungu. Wako wanaotumia andiko hilo kumshauri mgonjwa wa jongo, ule tunaouita pia goutte, atupe vidonge vyake. Lakini kosa la Asa lilikuwa kumwacha Mungu, si kutafuta dawa. Hezekia aliomba kwa machozi, na nabii yule yule aliyemletea jibu aliagiza tini ziwekwe juu ya jipu lake (2 Wafalme 20:7).

Asidi ya uriki ni taka ya mwili, na figo ndizo zinazoitoa zaidi. Ikizidi kwa muda mrefu, hugeuka chembe ngumu zenye ncha ndani ya viungo. Ndipo usiku mmoja kidole gumba cha mguu kinavimba na kuwaka kama moto. Tusikimbilie kusema mtu amerogwa au amekanyaga sumu. Na aliyekutwa na asidi nyingi bila maumivu yoyote, mara nyingi hahitaji dawa.

Dawa ni za namna mbili, na kuzichanganya ndiko kunakoumiza watu.

Za kwanza hutuliza maumivu. Ibuprofeni na diklofenaki huweza kuharibu figo, kuleta vidonda vya tumbo na kupandisha tansio. Usinywe zote mbili pamoja. Kolchisini ikizidi kipimo inaweza kuua. Ukianza kuhara na kutapika, iache na uende hospitali.

Ya pili ni alopurinoli, inayopunguza asidi yenyewe. Haitulizi maumivu. Daktari huanza na miligramu 100 kwa siku, au chini ya hapo kwa mwenye figo dhaifu, kisha huongeza polepole akipima damu, hadi asidi ishuke chini ya miligramu 6 kwa desilita. Miezi ya kwanza maumivu yanaweza kurudi. Ndiyo sababu daktari huongeza kolchisini kidogo. Usiikatize kwa sababu hiyo, wala kwa sababu umepona maumivu: ni dawa ya kila siku, kwa miaka. Lakini ukiona vipele, vidonda mdomoni au homa, iache mara moja na ufike hospitali siku hiyo hiyo.

Mwonyeshe daktari dawa zako zote, hata za tansio, kwani zile za kukojoza hupandisha asidi. Punguza pombe, kasiksi ikiwemo, maini na sambaza. Maharage hayana haja ya kuachwa.

Mashemasi na wamama wa kanisa, mnapomtembelea mgonjwa, mwombeeni kwa imani. Kisha, kabla ya kuaga, mwulizeni: «Leo umekunywa dawa?» Vyote viwili ni huduma.