Simu Mpya Kila Mwaka: Je, Kuna Jipya?

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Mimi ni muuguzi, vidonda navijua kwa kuviosha kila siku, na bado kipya kilinishinda.

Ilikuwa jioni, baada ya mazoezi ya kwaya ya akina mama. Mwenzetu mmoja alitoa mkobani simu mpya, nyembamba, yenye kamera tatu mgongoni. Ikapita mkono kwa mkono. Kila mmoja aliishika, akajipiga picha, akaguna. Nilipotoa yangu, iliyokuwa na miaka miwili na nusu tu, niliiona imezeeka ghafla. Ni kweli ilikuwa na kasoro. Chaji haikufika saa nane mchana, na mara nyingine ilijizima katikati ya mazungumzo. Nikajiambia, “Hii imekwisha.”

Wiki mbili baadaye nilichukua simu mpya kwa mkopo wa kulipa kidogo kidogo. Fedha ya kianzio niliitoa katika akiba tuliyoiweka mimi na mume wangu kwa ajili ya ada ya binti yetu, aliyekuwa amepata nafasi katika chuo cha afya. Nilijipa moyo kwamba ningeirudisha kabla ya siku ya kuripoti. Mama mwenzangu, mwisho wa hadithi hiyo unaujua. Marejesho yalinibana, akiba haikurudi kwa wakati, na binti yangu alichelewa kuripoti chuoni wiki tatu.

Siku nilipomweleza mume wangu ukweli, hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu: “Hiyo mpya inafanya nini ambacho ile ya zamani ilikuwa haiwezi?”

Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo nimelitafuta, kwa kusoma na kwa kuwauliza mafundi, na leo napenda tulitazame pamoja.

Mabadiliko makubwa yalikuja lini?

Tusiwanyime watengenezaji haki yao. Yapo mambo mapya ya kweli waliyotuletea. Mwaka 2003 Nokia ilitoa simu yake ya 1100, ile yenye tochi kichwani, ambayo wengi wetu tuliita kitochi. Ilivumilia vumbi, ikakaa na chaji siku kadhaa, na ziliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Katika vijiji visivyo na umeme, tochi ile haikuwa pambo. Wapo wauguzi waliomulikia kazi za usiku kwa simu ya namna hiyo.

Mwaka 2007 Apple ilitoa iPhone ya kwanza, simu ya kugusa kioo kwa kidole bila vitufe vingi. Mwaka 2008 likafunguliwa duka lake la programu, na mwaka huo huo ikauzwa simu ya kwanza ya Android. Hayo yalikuwa mageuzi hasa. Simu ikawa ramani, redio, kitabu na kamera kwa pamoja. Mwaka 2013 iPhone 5s ilifanya kufungua simu kwa alama ya kidole kuwa jambo la kawaida, na mwaka 2017 iPhone X ikaanza kumtambua mwenyewe kwa uso.

Angalia hiyo miaka, mama mwenzangu. Mabadiliko ya kumfanya mtu ashike kichwa hayakuja kila mwaka. Mara nyingi yalipishana kwa miaka minne, hata mitano. Lakini simu mpya zilitangazwa kila mwaka bila kukosa.

Dawa ile ile, boksi jipya

Hospitalini huwa tunawaeleza wagonjwa kwamba paracetamol ni paracetamol, iwe katika boksi jekundu au la buluu. Bei inaweza kupishana mara tatu, lakini maumivu yanaondoka kwa dawa ile ile. Simu nazo zina jambo la namna hiyo.

Tuchukue mfano ulio wazi. Mwaka 2021 Apple ilitoa iPhone 13, na mwaka 2022 ikatoa iPhone 14. Zote mbili, zile za kawaida, zina kioo cha inchi 6.1, kamera kuu ya megapikseli 12, na prosesa ya jamii ile ile ya A15. Yako yaliyoongezwa, kama kamera inayoona vizuri kidogo zaidi gizani, na uwezo wa kuomba msaada wa dharura kupitia setilaiti, ambao ulianzia Marekani na Kanada. Hilo la setilaiti ni jambo jema kwa mtu aliyepotea milimani huko. Lakini kwa mama anayepiga simu, anayetuma ujumbe na kupiga picha za ubatizo, iPhone 13 na iPhone 14 ni mapacha.

Mwaka uliofuata, 2023, ikaja iPhone 15. Jambo mojawapo lililosemwa sana ni tundu lake jipya la chaji la aina ya USB-C. Tundu hilo simu nyingi za Android zilikuwa nalo kwa miaka kadhaa, na Apple ilibanwa na sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2022 inayotaka chaja moja kwa wote. Kwa hiyo lililokuwa jipya kwa kampuni lilikuwa la kawaida kwa jirani.

Sisemi haya kwa kampuni moja tu. Zote zina desturi hiyo, na sababu yake si ngumu kuielewa. Kampuni inayoishi kwa kuuza simu haiwezi kukwambia, “Mama, mwaka huu kaa na uliyo nayo.” Lazima itafute cha kukutamanisha. Hata hivyo watu wameanza kuamka. Mwaka 2016 ziliuzwa simu janja karibu bilioni 1.5 duniani. Mwaka 2023 hazikufika bilioni 1.2. Wengi siku hizi wanakaa na simu muda mrefu zaidi kuliko zamani.

Jambo kubwa lililopita kwenye kitochi

Hebu kumbuka jambo moja. Mwaka ule ule wa 2007 ambao iPhone ilianza kuuzwa Marekani, Safaricom ilianzisha M-Pesa nchini Kenya. Mwaka 2008 Vodacom ikaileta Tanzania. Huduma ile haikuhitaji kioo cha kugusa wala kamera. Ilifanya kazi katika simu ya vitufe, ya bei ndogo kabisa.

Nikuulize, ni lipi kati ya haya mawili lililobadilisha nyumba yako? Zamani kumtumia mama mzazi fedha kijijini ulimpa kondakta wa basi bahasha na kubaki unaomba. Leo unabonyeza namba chache, naye anapokea kabla hujaweka simu chini. Akina mama wa vikoba wanatuma michango yao bila kubeba fedha njiani.

Hapo ndipo nilipoanza kupata jibu la mume wangu. Jipya la kweli ni lile linalokuwezesha kufanya jambo ambalo jana hukuweza. Kama kesho yake unafanya yale yale, kwa kifaa kinachong’aa zaidi, ulichonunua ni mng’ao.

Simu huzeeka wapi?

Utaniuliza, mbona simu zetu kweli huanza kusumbua baada ya miaka miwili? Ni swali zuri. Mara nyingi kinachozeeka ni sehemu moja, nasi tunadhani mwili mzima umekufa.

Sehemu ya kwanza ni betri. Betri hizi za lithiamu hupoteza nguvu kidogo kidogo kila zinapojazwa na kutumika. Apple yenyewe inaeleza kwamba betri za iPhone 14 na za kabla yake ziliundwa kubaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya kujazwa kikamilifu mara 500. Kwa anayeimaliza chaji kila siku, huo ni mwaka mmoja na miezi kama minne. Joto nalo huiharakisha, kwa hiyo usiiache simu juani wala kuichaji ikiwa chini ya mto.

Betri iliyochoka huifanya simu ijizime ghafla. Inaweza hata kuifanya iwe nzito. Desemba 2017 Apple ilikiri kwamba programu yake ilipunguza kasi ya baadhi ya iPhone zenye betri zilizochoka, ili zisijizime. Baadaye ilishusha gharama ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi dola 29, na mwaka 2020 ikakubali kulipa hadi dola milioni 500 kumaliza kesi huko Marekani. Fikiria ni wangapi walionunua simu mpya wakati dawa yao ilikuwa betri.

Sehemu ya pili ni nafasi ya kuhifadhi vitu. Kila kundi la WhatsApp, liwe la shule, la ukoo au la kwaya, linashusha picha na video ndani ya simu yako. Ikijaa, inakuwa nzito kama kabati lisilofungika. Zima upakuaji wa picha na video wa moja kwa moja, futa za zamani, na utashangaa inavyochangamka.

Sehemu ya tatu ndiyo inayostahili kukutoa kwenye simu ya zamani, nayo ni masasisho ya usalama. Haya ni kama chanjo. Mtengenezaji huyatuma ili kuziba matundu ambayo wezi wa mtandaoni hupitia, na yakikoma, simu yenye akaunti yako ya fedha inabaki bila kinga. Habari njema ni kwamba muda wake umerefuka. Google iliahidi miaka 7 kwa Pixel 8 ya mwaka 2023, na Samsung ikaahidi miaka 7 kwa Galaxy S24 ya mwaka 2024. Simu za bei nafuu mara nyingi hupewa miaka michache. Kwa hiyo unaponunua, uliza tarehe hiyo kama unavyotazama tarehe ya mwisho ya dawa. Kwa upande wa WhatsApp, ni mwanzoni mwa mwaka 2025 ilipoacha kufanya kazi katika Android 4.4, toleo la mwaka 2013. Hiyo ni zaidi ya miaka kumi.

Kabla hujatoa fedha

Mama mwenzangu, simu janja si dhambi wala si adui. Kama yako ina miaka mitano au sita, ile mpya utaiona tofauti kweli, kwa sababu mabadiliko madogo ya kila mwaka yamejumlishana. Lakini kabla ya kununua, jiulize haya:

1. Simu yangu inashindwa kufanya jambo gani ninalolihitaji? Litaje kwa maneno. Ukishindwa kulitaja, subiri.

2. Je, nimempelekea fundi mwaminifu aipime betri? Nimesafisha nafasi iliyojaa?

3. Je, bado inapokea masasisho ya usalama?

4. Je, ile ya mwaka jana au mwaka juzi haitanitosha? Mara nyingi bei yake hushuka mpya inapotoka, na kazi ni ile ile.

5. Fedha inatoka wapi? Kama ni mkopo, jumlisha marejesho yote mpaka mwisho, ulinganishe na bei ya taslimu. Kama ni akiba yenye jina la mtoto, iache mahali pake.

Na ukinunua, kuwa mwangalifu na simu bandia. Mwaka 2016 zilizimwa nchini Tanzania, na wengi walipoteza fedha zao. Bonyeza *#06# uone namba ya utambulisho ya simu, uilinganishe na iliyoandikwa kwenye boksi, na udai risiti.

Ile ya zamani iko wapi?

Binti yangu alipokwenda chuoni hatukuwa na fedha ya kumnunulia simu. Nikaitoa ile yangu ya zamani kwenye droo, tukaenda naye kwa fundi wa mtaani. Kijana yule alinipa shikamoo, akaifungua, akaipima, akatabasamu. “Mama, simu hii haina ugonjwa. Ni betri tu.” Alichonitoza hakikufika hata marejesho ya mwezi mmoja ya ile niliyokopa. Nilisimama pale nikiona aibu. Mimi muuguzi nilikuwa nimemzika mgonjwa aliyehitaji dawa moja tu.

Binti yangu ameisomea simu ile mpaka mwaka wake wa pili, na chaji inafika usiku. Likizo iliyopita tulipiga picha ya familia, moja kwa simu yake na nyingine kwa yangu, tukaziweka mezani pamoja. Mume wangu alizitazama sana, akachagua iliyo nzuri zaidi. Ilikuwa ya simu ya zamani.

Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wazee. Lile swali la mume wangu nimeliandika kwenye jalada la daftari letu la akiba, na mwaka huu, simu mpya zilipotangazwa tena, nililisoma kabla ya kufungua daftari. Kisha nikaenda kulipa ada.