‘Askari’ aliyegeuka mwalimu wa darasa

JUMATATU moja mwaka 2023 binti yangu wa miaka tisa aligoma kwenda shule. Tulikuwa tumerejea Kampala kutoka Busia, upande wa Kenya, ambako hadi leo nanunua bidhaa. Wenzake walizungumza Kiganda, yeye Kiswahili. Wakamwita “askari”, kwani wazee wengi hapa hukikumbuka Kiswahili kama lugha ya wanajeshi wa Idi Amin, aliyetawala 1971 hadi 1979.

Nilimwendea mwalimu wake. Sikugomba. Nilimkumbusha kwamba Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua Kiswahili kiwe somo la lazima shule za msingi na sekondari.

“Mama, mwalimu wa Kiswahili hatuna,” akasema.

“Mnaye. Mmemkalisha nyuma.”

Tangu wiki ile, kila Ijumaa binti yangu huwafundisha wenzake salamu na kuhesabu. Nao humfundisha Kiganda. Jina la “askari” limekwisha.

Wazazi wenzangu mliorejea, nanyi wa mipakani, kumwandikisha mtoto hakutoshi. Ulizeni anakaa na nani, anacheza na nani. Akinyamaza, nendeni mkazungumze na mwalimu mapema.