Chombo Kinachojibu

Wengi wetu tukisikia habari za ufundi wa kisasa hufikiri mara moja juu ya vyombo vilivyotoka ng'ambo vikiwa tayari, nasi kazi yetu ni kununua. Wazo hilo yafaa tulisahihishe. Chombo chochote kinachohisi kimeguswa na kutoa jibu ni ufundi wa kweli, hata kikiwa cha mti, waya na kopo. Mkoani Katavi mikono ya kukiunda ipo, na haja yake ni kubwa.

Katika misitu ya miombo ya Mpanda na Inyonga, wazee wametundika mizinga ya magogo na ya magome tangu zamani. Mrina asali anajua nyuki wanapenda mti gani na wanakasirishwa na nini. Lakini katika mkoa huo huo imo Hifadhi ya Taifa ya Katavi, yenye kilomita za mraba 4,471, na tembo hawajui mpaka. Usiku mmoja watosha kundi la tembo kumaliza mahindi yaliyolimwa na nyumba nzima kwa msimu mzima. Mkulima hukesha akipiga madebe, na mara nyingine hupoteza uhai wake. Tembo naye huuawa kwa hasira.

Sasa tutazame kwa jirani zetu. Mwaka 2007 Lucy King na wenzake walitangaza matokeo ya uchunguzi wao nchini Kenya, kwamba tembo hukimbia wakisikia mvumo wa nyuki waliochokozwa. Hapo ndipo ulipozaliwa uzio wa mizinga. Nguzo husimamishwa kuzunguka shamba, mizinga hutundikwa kwa nafasi ya mita 10 hivi, na yote huunganishwa kwa waya. Tembo akiusukuma waya, mizinga huyumba, nyuki hutoka, naye hurudi alikotoka. Huko Sagalla, karibu na Tsavo, uchunguzi uliotolewa mwaka 2017 ulionyesha kwamba katika kila tembo 100 waliokaribia mashamba hayo, wapatao 80 walizuiwa. Kwetu Tanzania uzio wa namna hiyo umejaribiwa kando ya Milima ya Udzungwa.

Hata hivyo, tusidanganyane. Ukame ukizidi nyuki huhama, na mzinga mtupu haumtishi tembo. Waya ukilegea, mzinga hauyumbi. Tena usiku wa baridi nyuki huwa wazito. Uzio huo wataka mtu wa kuukagua kila mara, na mtu huyo hawezi kuwa mgeni apitaye.

Hapa ndipo fundi wa redio wa mjini Mpanda anapoweza kumsaidia mrina asali. Achukue kibanio cha nguo, avike midomo yake vipande viwili vya bati la kopo, na kati yake aweke kipande cha mpira wa tairi kilichofungwa kwenye waya wa uzio. Waya ukivutwa, mpira huchomoka, bati hugusana, umeme wa betri hupita, na kengele hulia nyumbani kwa mkulima. Kikiharibika, hutengenezwa siku ile ile kwa vitu vilivyomo kijijini. Jambo hili si ndoto: kule Arusha, Bernard Kiwia, aliyeanza kama fundi wa baiskeli, aliunda chombo cha kuchajia simu kwa mwendo wa baiskeli.

Basi mhandisi aendaye Katavi asianze kwa kufungua sanduku lake. Aketi kwanza chini ya mti pamoja na mrina asali, fundi wa redio na mama mwenye shamba, awaulize, nao wamuulize. Kile watakachokiunda pamoja watajua kukitunza, na asali itakuwa faida juu ya mahindi yaliyookolewa. Akili ni mali, na mali hiyo Katavi wanayo.