Je, Wajua? Kunguru Waliwatangulia Madaktari

Je, wajua kwamba mwaka 1999 kunguru wa New York walitoa taarifa kabla ya hospitali? Kiangazi kile walidondoka mitaani wakiwa wamekufa, huku wazee wa jiji hilohilo wakilazwa kwa uvimbe wa ubongo. Wataalamu wa afya ya binadamu wakasema ni homa ya ubongo ya St. Louis, inayoenezwa na mbu. Tracey McNamara, daktari wa wanyama katika bustani ya wanyama ya Bronx, hakukubali. Virusi vya St. Louis kwa kawaida haviui ndege, na kwake hata heroe walikuwa wanakufa. Alipiga simu huku na huku, akang'ang'ania sampuli zipimwe upya. Majibu yakampa haki: ilikuwa homa ya West Nile, ambayo kirusi chake kiligunduliwa Uganda mwaka 1937. Waliokuwa wakishughulikia watu na waliokuwa wakishughulikia ndege walikuwa na kesi moja, kila upande na faili lake.

Je, wajua kwamba chanjo ya ng'ombe inaweza kuotesha miti? Ugonjwa wa sotoka ulipodhibitiwa kwa kuchanja ng'ombe kuzunguka Serengeti, uliwatoka nyumbu pia, ingawa wao hakuna aliyewachoma sindano. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 walikuwa kama 250,000. Mwishoni mwa miaka ya 1970 walishapita milioni moja. Midomo yote hiyo ikafyeka nyasi, moto wa kiangazi ukakosa cha kuunguza, na miche ya migunga ikapata nafasi ya kukua. Mwaka 2011 dunia ikatangazwa kuwa huru na sotoka, kwa msaada mkubwa wa chanjo ya Walter Plowright iliyotengenezwa Muguga, Kenya.

Je, wajua kwamba sumukuvu ilijulikana kwa sababu ya bata mzinga? Zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza mwaka 1960, na chanzo kilikuwa mashudu ya karanga yenye ukungu. Mwaka 2004 sumu hiyohiyo, safari hii ndani ya mahindi, iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, wengi wao wa Makueni na Kitui. Ng'ombe akila pumba zenye sumu, sehemu yake hutokea kwenye maziwa. Dawa mojawapo haiko duka la dawa, iko shambani: kabla mahindi hayajachanua, mkulima hutawanya kuvu wa jamii hiyohiyo wasiotoa sumu, nao huwanyima nafasi wale wabaya. Sumu hiyo hushambulia maini, kwa hiyo mkulima huyo analinda maini ya watu.

Je, wajua kwamba mayai ya mbu hukaa udongoni miaka kadhaa yakiwa na virusi vya homa ya Bonde la Ufa, yakisubiri mafuriko tu? Mwaka 2006 setilaiti za Marekani zilionya mapema kwa kusoma joto la bahari na kijani cha nchi kavu. Lakini wafugaji wa Kisomali kaskazini mashariki mwa Kenya nao waliona: mvua isiyo na kifani, mbu wengi, kondoo wanatupa mimba. Waliona kabla ofisi hazijaanza kazi. Setilaiti ilisikilizwa kidogo. Wafugaji hao hawakuulizwa mapema.

Je, wajua kwamba huko Chad watafiti walikuta ng'ombe wa wahamaji wamechanjwa, lakini hakuna hata mtoto mmoja wa wahamaji hao aliyekamilisha chanjo? Ikaonekana busara timu mbili, ya mifugo na ya afya, zipande gari moja.

Je, wajua kwamba karibu vifo vyote vya watu kwa kichaa cha mbwa hutokana na kung'atwa na mbwa, na kwamba kuchanja asilimia 70 ya mbwa hukata maambukizi? Kumchanja mbwa ni rahisi zaidi kuliko kumtibu aliyeng'atwa. Tatizo ni kwamba sindano ya mbwa hulipiwa na fungu la mifugo, na fedha inayookolewa hubaki kwenye fungu la afya.