Kiota cha upenuni kinastahili daftari

Mbayuwayu wakibandika tope chini ya upenu, au chozi akining'iniza kiota chake kwenye tawi la mparachichi nyuma ya nyumba, wakazi wengi wa Lushoto huwaacha waendelee na kazi yao. Huo ni uungwana, ila kuna faida kubwa inayoachwa ipotee. Mwenye nyumba hukipita kiota hicho asubuhi na jioni, jambo ambalo mtafiti anayetoka mbali hawezi kulifanya. Akiandika tarehe aliyokiona, siku makinda yalipoanza kulia, na siku kilipobaki kitupu, amefanya sayansi ya kweli.

Milima ya Usambara, ambako Lushoto ipo, inautoa ushahidi wa hilo. Reginald Moreau, Mwingereza aliyefika mwaka 1928 kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, Usambara Mashariki, alikuwa ametokea kwenye ofisi ya ukaguzi wa hesabu za jeshi. Hakusomea elimu ya viumbe. Yeye na wasaidizi wake wenyeji walikesha macho kwenye viota, wakihesabu mzazi amekuja mara ngapi na amelalia mayai kwa muda gani. Mwaka 1944 alichapisha uchambuzi wake wa idadi ya mayai: ndege wengi wa Afrika ya tropiki hutaga mawili au matatu, wakati jamaa zao wa Ulaya hutaga manne, matano au zaidi. Sababu yake inajadiliwa hadi leo. Hoja moja inasema kila safari ya kuleta chakula humwonyesha adui mahali kiota kilipo, hivyo makinda machache, yanayohitaji safari chache, yana usalama zaidi.

Tarehe zina uzito kuliko inavyodhaniwa. Tuseme kiota kina nafasi ya asilimia 95 ya kuiona kesho. Inaonekana ni nafasi nzuri, lakini baada ya siku 25 vitakuwa vimesalia viota 28 hivi kati ya 100. Nafasi hiyo ikipanda hadi asilimia 98, vinasalia 60. Harold Mayfield wa Marekani alionyesha mwaka 1961 kwamba hesabu sahihi ni ya siku ambazo kiota kimekuwa chini ya macho ya mtu, kwa kuwa vingi vinavyoharibika mapema havionwi na yeyote. Kwa hiyo kiota kilichoporwa na nyoka kiandikwe kwa uangalifu uleule wa kile kilichotoa makinda. Kwa njia ya namna hii William Newmark na Thomas Stanley, katika utafiti wa viota 1,272 vya ndege wa aina 13 Usambara Mashariki uliochapishwa mwaka 2011, waligundua kwamba kwa aina 7 viota viliharibika zaidi katika vipande vya msitu kuliko katika msitu mkubwa usiokatwakatwa. Matokeo hayo ni ya ndege wa vichaka vya msituni, na hayahamishiki moja kwa moja hadi upenuni. Hata hivyo yanampa mkazi wa kando ya msitu wa Magamba, hapo Lushoto, swali la kuuliza nyumbani kwake.

Wapo wanaosema kuchungulia kiota ni kukiua, kwa kuwa mama akisikia harufu ya mtu huyasusa mayai. Kwa ndege wengi harufu si tatizo. Kinachowafukuza ni usumbufu, hasa wakati wa kujenga na siku za kwanza za kutaga. Basi mwenye nyumba atazame kwa mbali, kwa muda mfupi, bila kusogeza majani yanayokificha. Makinda yakikaribia kuruka asikaribie kabisa, kwani yakishtuka hurukia chini kabla ya wakati.

Hofu ya magonjwa ina msingi, na tiba yake haihitaji kubomoa kiota chenye makinda. Kinyesi kilichokauka, hasa kilichorundikana cha njiwa, chaweza kubeba kuvu zinazovutwa na vumbi hadi mapafuni. Kilowanishwe kabla ya kufagiwa, pua na mdomo vifunikwe, mikono ioshwe kwa sabuni. Mitungi ya maji isikae chini ya kiota. Ndege aliyekufa asishikwe kwa mkono mtupu, na wakifa wengi kwa pamoja aarifiwe afisa mifugo.

Pingamizi la mkulima ndilo zito zaidi, maana hasara ya shambani ni yake. Ni kweli kwera na shomoro hula nafaka. Lakini makinda yao hulishwa wadudu kwa wingi, viwavi wakiwamo, kwa sababu mwili unaokua haraka unahitaji protini. Mkulima wa kabichi anayeandika mzazi ameleta nini mdomoni, kiwavi au punje, atakuwa na ushahidi wake mwenyewe kabla ya kushika fimbo ya kukiangushia kiota.