Santuri bado ina wenyewe

Soko la Kimironko, katika wilaya ya Gasabo jijini Kigali, ni mahali ambapo masikio hufanya kazi sawa na macho. Mtu apitaye baina ya safu za vitenge, cherehani za mafundi na mafungu ya maparachichi husikia nyimbo tatu au nne kwa wakati mmoja: moja yatoka katika redio ndogo, nyingine katika simu ya mshonaji, nyingine katika spika ya duka lililo jirani na kituo cha mabasi. Nyingi ni nyimbo za leo. Hata hivyo, katikati ya ghasia hiyo mara huchomoza gitaa la zamani na sauti ya mtu aliyekwisha kufariki miaka mingi iliyopita. Wanyarwanda wana jina la nyimbo za namna hiyo. Huziita karahanyuze, na huzipenda kiasi cha kujaza baa zinakopigwa na bendi usiku, burudani waiitayo igisope.

Ndugu msomaji, nyimbo hizo zimefikaje katika simu ya kijana ambaye hakuwa amezaliwa zilipotungwa? Zile za Kinyarwanda aghalabu zimetoka katika kanda za Redio Rwanda, iliyoanza kutangaza mwaka 1961. Zile za Kilingala na Kiswahili, ambazo Kigali huzipenda vilevile, nyingi zimepitia njia nyingine: sahani nyeusi yenye tundu katikati, ambayo Waswahili waliiita santuri. Mtu fulani aliihifadhi sahani hiyo, akaipiga, akanakili sauti yake katika kompyuta, ndipo ikaanza safari ya kuelekea Kimironko.

Santuri ilidhaniwa imekwisha kuzikwa. Sidii zilipoanza kuuzwa mwaka 1982, wenye viwanda walizing'oa mashine za santuri, wakasema zama zake zimepita. Leo habari ni nyingine. Nchini Marekani, mwaka 2022, ziliuzwa santuri zipatazo milioni 41 na sidii milioni 33. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mwaka 1987 kwa santuri kuishinda sidii kwa idadi. Na wanunuzi wake si wazee tu wanaotamani ujana wao, kwani wengi ni vijana ambao muziki wote wa dunia wanao tayari mfukoni.

Wapenzi wa santuri, ukiwauliza sababu, hujibu kwamba sauti yake ni bora kuliko zote. Mwandishi wa makala haya hawezi kuwaunga mkono katika hilo. Katika uso wa santuri mna mfuo mmoja tu, uzungukao kutoka ukingoni hadi karibu na karatasi ya katikati. Mfuo wa upande mmoja wa santuri kubwa ya inchi 12, yenye muziki wa dakika 22 hivi, lau ungenyooshwa ungekaribia nusu kilomita. Kuta zake zimechongwa mawimbi. Sindano ipitapo humo hutikisika kama ilivyotikisika hewa studioni, mtikisiko ukageuzwa kuwa umeme, na umeme ukageuzwa tena kuwa sauti. Huo ni ufundi wa kustaajabisha, lakini una kasoro zake. Ukingoni mwa santuri kubwa mfuo hupita chini ya sindano kwa mwendo wa sentimita 50 hivi kwa sekunde. Ukifika ndani, mwendo huo umeshuka hadi kama sentimita 21, na sauti nyembamba huanza kukwaruza. Besi nayo hupunguzwa wakati wa kuchonga, sindano isije ikaruka, kisha hurudishwa na mtambo wakati wa kusikiliza. Tena kuna vumbi. Atakaye sauti isiyo na doa na achukue sidii.

Uzuri wa santuri uko kwingine, na wa kwanza ni kwamba humlazimisha mtu kusikiliza. Ile santuri ndogo ya inchi 7, izungukayo mara 45 kwa dakika, iliyoletwa duniani na kampuni ya RCA Victor mwaka 1949, hubeba dakika tatu hadi tano tu kila upande. Kwa wimbo wa Kiingereza kipimo hicho kilitosha. Kwa rumba ya Kongo hakikutosha hata kidogo! Kwa hiyo mafundi waliukata wimbo mmoja vipande viwili, wakaandika juu yake sehemu ya kwanza na sehemu ya pili. Aghalabu upande wa kwanza ulikuwa wa waimbaji na hadithi yao. Kisha ukimya, mtu ananyanyuka, anageuza sahani, na upande wa pili magitaa yanapewa uwanja, yale mapigo ya sebene ambayo hayamwachi mtu kitini. Pengo hilo la kugeuza lilikuwa sehemu ya starehe yenyewe. Wachezaji walipangusa jasho, wakatafutana upya. Leo wimbo huohuo husikika katika simu ukiwa umeunganishwa bila kituo, na asiyejua habari zake hushangaa kusikia mshono katikati.

Tena santuri ina jina lake kifuani. Katika karatasi ile ya duara huandikwa jina la wimbo, la mtunzi, la bendi, la kampuni, na namba. Katika simu wimbo wa zamani mara nyingi huelea bila baba wala mama, jina la bendi limekosewa na la mtunzi halipo. Kwa mwanamuziki, au kwa wajane na mayatima wake, hilo si jambo dogo, kwani haki ya jasho lake hutegemea kujulikana kwake.

Historia ya santuri kwetu ni ndefu. Siti binti Saad wa Unguja alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi taarabu kwa Kiswahili, katika zile sahani nzito za mizunguko 78 zilizotengenezwa kwa utomvu wa wadudu na ambazo zikianguka huvunjika kama kigae. Mwaka 1948, mwaka uleule ambao kampuni ya Columbia ya Marekani ilitoa santuri kubwa ya vinili, kampuni ya Ngoma ilianza kazi mjini Leopoldville, ambao sasa ni Kinshasa, na Wendo Kolosoy akaimba "Marie-Louise". Lakini kwa Afrika Mashariki tanuri la santuri lilikuwa Nairobi. Huko ndiko kulikokuwa na studio, viwanda vya kufyatulia sahani, na maduka ya jumla. Ndugu wa ukoo wa Kinyonga kutoka Tanga waliunda Simba Wanyika nchini Kenya mwaka 1971. Super Mazembe walitoka Zaire, wakapitia Zambia, wakafika Nairobi mwaka 1974. Les Mangelepa walifuata mwaka 1976. Samba Mapangala na Virunga wakatoa "Malako" mwaka 1984. Santuri zao zilisafiri kuliko wao wenyewe.

Tanzania ilikuwa na bendi hodari zisizo na kiwanda. Redio Tanzania iliwarekodi katika kanda, na kanda zikabaki redioni. Aliyetaka santuri yake iuzwe dukani alilazimika kuvuka mpaka. Mpaka huo ulifungwa mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, na haukufunguliwa hadi mwaka 1983. Mbaraka Mwinshehe, mpiga gitaa wa Morogoro, alikuwa miongoni mwa waliorekodi Kenya. Alifariki kwa ajali ya gari karibu na Mombasa mwezi Januari 1979, akiwa na umri wa miaka 34 hivi. Baada ya kifo chake nyimbo zake zilitolewa upya katika mfululizo wa santuri kubwa zilizopewa jina la "Ukumbusho". Jina lilifaa. Vijana waliozaliwa baada ya ajali ile walimjua Mbaraka kwa sahani hizo.

Kilichoiua biashara hiyo ni kaseti, au tuseme wizi wa kaseti. Santuri haikuweza kuigizwa nyumbani. Kaseti iliweza, na kwa bei ya bure. Wauzaji wa kaseti za wizi walienea katika kila kituo cha basi, mapato ya wanamuziki yakakauka, na mwishowe mashine za Nairobi zikanyamaza.

Zilizosalia ni sahani zenyewe. Katika soko la Kenyatta jijini Nairobi, mahali panaposifika kwa nyama choma na wasusi wa nywele, kuna kibanda namba 570 cha Bwana Jimmy Rugami, ambaye wateja humwita Real Vinyl Guru. Ameifanya kazi ya santuri tangu mwaka 1989, wakati ambapo wengi walikuwa wakizitupa, na kibanda chake kimejaa rumba, benga, taarabu na muziki wa ng'ambo. Kenya yenyewe ilikumbushwa thamani ya hazina hiyo mwaka 2024, "Kasongo", wimbo wa Super Mazembe wa miaka ya 1970, ulipozagaa ghafla miongoni mwa vijana, ukawa mzaha wa siasa mitaani.

Wanunuzi wa vibanda vya namna hiyo si wenyeji peke yao. Kwa miaka mingi sasa wakusanyaji wa Ulaya, Marekani na Japani wamekuwa wakizifuata santuri za Afrika Mashariki na kuondoka nazo. Mwaka 2013 kampuni ya Soundway ya London ilitoa mkusanyiko uitwao "Kenya Special", wenye nyimbo za miaka ya 1970 na 1980 ambazo nyingi zilikuwa zimepatikana tu katika santuri ndogo adimu. Ni kazi njema, yenye maelezo ya kina, na pasipo watu hao nyimbo kadhaa zingepotea kabisa. Hata hivyo, mtu hawezi kuacha kujiuliza: mwanafunzi wa Kigali au wa Morogoro atakayetaka kuchunguza muziki wa babu yake, itambidi aombe viza?

Kwa Rwanda swali hilo lina uzito wa pekee. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki aliyefanya kazi Afrika Kusini, alifika na mitambo yake akarekodi ngoma na nyimbo za makao ya Mwami Mutara III Rudahigwa. Miaka tisa baadaye ufalme ulikuwa umekwisha kuondolewa, na makao yale hayakuwapo tena. Sauti zile zilisalia kwa sababu zilitiwa katika santuri na kuwekwa katika maktaba ya muziki wa Kiafrika aliyoianzisha, ambayo leo iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes, mjini Makhanda, Afrika Kusini.

Kisha ulifika mwaka 1994. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi waliuawa pia watu ambao sauti zao kila nyumba ilizijua: Rodrigue Karemera, Andereya Sebanani wa Orchestre Impala, Sipiriani Rugamba, mshairi na mtunzi, mwanzilishi wa kikundi cha Amasimbi n'Amakombe, aliyeuawa tarehe 7 Aprili pamoja na mkewe na baadhi ya watoto wao. Watu hao hawawezi kuitwa studioni waimbe tena. Kila rekodi yao, iwe ya kanda, ya kaseti au ya sahani, haina badala. Na kanda, kama wajuavyo wafanyakazi wa redio, hufutika kwa kubonyeza kitufe kimoja; huingia ukungu, hunata, hukatika. Santuri haifutiki. Umeme ukikosekana kabisa, ukiizungusha kwa mkono na kuigusisha sindano iliyotiwa katika pembe ya karatasi, itaimba, ingawa itaumia.

Kigali ni jiji la watu wengi waliorejea kutoka Bujumbura, Bukavu, Kampala, Nairobi na Dar es Salaam, na mizigo ya warejeao huwa na vitu visivyotazamiwa. Basi kama katika nyumba yako, iwe Kimironko au Nyamirambo, limo sanduku la sahani za mzee, usilitoe kwa muuza vyuma chakavu. Zisimamishe wima kama vitabu. Zikilazwa rundo, za chini hupinda. Ziweke mbali na dirisha lenye jua. Hali ya hewa ya Kigali, iliyo juu ya bahari kwa mita 1,500 hivi, huzifaa kuliko joto na chumvi ya pwani, lakini masika huleta ukungu katika bahasha, kwa hiyo zipepewe. Zifute kwa kitambaa laini kwa kufuata duara la mfuo, wala usizikate kwa kufuta kutoka ukingo hadi ukingo. Zile nzito za mizunguko 78 zisiguswe na spiriti kamwe, kwani spiriti huyeyusha ule utomvu. Wala usizipige kwa sindano iliyochakaa, kwa kuwa sindano mbovu huchimba mfuo na kuondoka na sauti.

Hata usipokuwa na kinanda cha kuzipigia, chukua daftari uandike yaliyo katika karatasi ya duara ya kila sahani: wimbo, mtunzi, bendi, kampuni. Kisha iinamishe sahani kwenye mwanga. Katika ule utepe mtupu ulio baina ya mwisho wa mfuo na karatasi utaona namba ndogo, mara nyingine zimekwaruzwa kwa mkono wa fundi kiwandani. Zinakili nazo. Karatasi hubanduka na bahasha hubadilishwa, na mara nyingi namba hizo ndizo zitakazomwezesha mtafiti kuitambua sahani ambayo haina tena jina.