Foleni ya Keshia: Yale Kliniki za Nakuru Zilitufunza Wakati wa Korona

Unakumbuka benchi za kliniki kabla ya 2020? Zile ndefu za mbao, watu kumi wamebanana bega kwa bega, na kila jina likiitwa nyote mnasogea kidogo kuelekea mlangoni. Kisa cha kwanza cha korona Kenya kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020, na kabla mwezi kuisha benchi hizo zilikuwa zimechorwa alama ya X kwa rangi nyekundu. Kaa hapa, usikae pale. Getini kuna mtungi wa maji na sabuni, askari ana kipima joto cha kuelekezea paji la uso, na kama huna barakoa unarudishwa.

Mamangu ana sukari na presha. Anaishi upande wa Eldama Ravine na kliniki yake iko Nakuru mjini. Si yeye peke yake. Watu hutoka Baringo, Nyandarua, Kericho hata Narok kuja Nakuru, kwa sababu hospitali kuu ya hapa, ile wazee bado wanaiita PGH, ni ya rufaa, na kuizunguka mjini kumejaa kliniki za kila aina. Kwa mtu wa umri wake mwenye magonjwa hayo mawili, safari hiyo ndiyo ilitutia hofu kuliko kitu kingine. Akikosa dawa, sukari inapanda. Akienda kuchukua, huenda akarudi na korona.

Kusema kweli, upande wa matibabu wauguzi walijipanga vizuri. Mwenye kikohozi na homa alitengwa mapema na kuonwa kando, jambo ambalo kliniki zetu zilikuwa zimelifahamu tangu zamani kwa sababu ya TB. Madirisha yalifunguliwa hata asubuhi za baridi (mtu wa Molo anajua hiyo ni adhabu ya aina gani). Wagonjwa waliokuwa imara, kama wale wa dawa za HIV, walianza kupewa za miezi 3 badala ya kurudi kila mwezi. Wengine wakapangiwa saa: wewe njoo saa tatu, mwenzako saa nne.

Lakini kulikuwa na mahali pamoja pa kubanana palipobaki vilevile. Kwa keshia.

Fikiria safari ya mgonjwa wa kawaida. Unalipia kadi. Unamwona daktari, anakuandikia vipimo, unarudi kulipia maabara. Majibu yakitoka unarudi kwa daktari, anaandika dawa, unarudi tena kulipa kabla ya kwenda famasi. Hiyo ni mara tatu dirishani, kwenye kijitundu ambacho kila mtu anainamia ili asikike, noti zikipita mkono kwa mkono. Umekaa mita moja na nusu mbali na mwenzako kule kwa benchi, halafu hapa unapumuliana naye shingoni.

Tarehe 16 Machi 2020 Benki Kuu ya Kenya ilitangaza hatua zilizogusa simu ya kila mtu. Kutuma hadi shilingi 1,000 kukawa bure, kiwango cha muamala mmoja kikapanda kutoka 70,000 hadi 150,000, na ukaruhusiwa kuweka hadi 300,000 kwa akaunti yako ya simu. Nia ilikuwa kupunguza kushikana noti. Ofa hiyo ya bure ilidumu hadi mwisho wa mwaka. Kliniki nyingi zikabandika nambari ya Paybill ukutani, nasi tukafurahi.

Sasa sikia kilichotukuta. Mama alikuja mwezi wa saba, nikamlipia vipimo kwa simu nikiwa kazini. Akaambiwa apeleke ujumbe kwa keshia ili aandikiwe risiti. Akapanga foleni ileile, karibu saa nzima, kuonyesha pesa ambazo tayari zilikuwa zimefika! Tena nilikuwa nimeweka jina langu kwa sehemu ya akaunti badala ya nambari yake ya kliniki, kwa hivyo keshia hakuona malipo ya mama popote. Kosa hilo lilikuwa langu. Lile la foleni lilikuwa la kliniki, na kwa maoni yangu Paybill ambayo bado inakurudisha dirishani imefanya nusu ya kazi. Kliniki iliyofaulu ni ile ambayo mtu wa maabara mwenyewe anaona malipo kwa skrini yake na kumwita mgonjwa moja kwa moja.

Kwa hivyo kabla ya kulipa, uliza maswali mawili: kwa sehemu ya akaunti naandika nini, na nikishalipa naenda wapi? Soma jina linalotokea kabla malipo hayajakamilika. Ujumbe wa malipo usiufute mpaka mgonjwa afike nyumbani na dawa. Na kama unaweza, lipa kliniki moja kwa moja kuliko kumtumia mgonjwa. Ukimtumia, kuna gharama ya kutoa na bado atapita kwa wakala, ambako pia kuna watu.

Kisha ikaja Machi 2021. Tarehe 26, Rais Uhuru Kenyatta alifunga kaunti tano: Nairobi, Kajiado, Kiambu, Machakos na Nakuru. Hakuna kuingia wala kutoka, na kafyu ikaanza saa mbili usiku. Mama akabaki Baringo, kliniki Nakuru, na tembe zake za sukari zilikuwa zimebaki za siku tisa.

Nilimpigia muuguzi wa kliniki. Akachukua vipimo alivyojipima mama kwa mashine yake ya nyumbani, akamweleza daktari, na daktari akaandika dawa. Karatasi ikapigwa picha, ikatumwa kwa famasi moja ya Ravine, mwenye famasi akaipigia kliniki kuhakikisha, nami nikalipia kwa Till yake nikiwa Nakuru. Boda boda akampelekea mama. Mimi sikuweza kuvuka mpaka wa kaunti, lakini pesa zilivuka kwa sekunde chache. Kaunti zilifunguliwa tarehe 1 Mei, na katika wiki zile tano mama hakukosa dawa hata siku moja.

Wakora nao walijua kwamba tunalipa kutoka mbali. Siku moja saa tano asubuhi nilipigiwa na mtu wa sauti ya upole, ya kusoma. "Mimi ni daktari, mama yako ameletwa hapa hali mbaya, tunahitaji 3,500 za dawa sasa hivi, tuma kwa hii nambari." Mikono ilitetemeka. Niliandika nambari, nikaandika pesa, na jina likatokea: la mtu binafsi, si la hospitali. Nikakata, nikampigia mama. Alikuwa jikoni anachambua maharagwe, akauliza mbona napumua hivyo.

Simu za aina hiyo hazikuisha na korona. Ukipigiwa, kata, kisha mpigie mgonjwa au mtu aliye naye kwa nambari unayoijua wewe. Daktari wa kweli hatakasirika ukisema unapiga hospitali kwanza.

Siku hizi benchi za kliniki ya mama zimejaa tena, alama za X zimefutika kwa kukaliwa. Saa yake ya kufika imebaki ileile, saa tatu, na nambari yake ya kliniki nimeihifadhi kwa simu chini ya jina "Mama Akaunti". Ndugu zangu wawili wanayo pia, kwa sababu zamu ya kulipa mwezi ujao si yangu.